Mama ana chuma pajani na goti linabadilishwa: upasuaji wa kompyuta ni lazima, au tunaongezewa bili?

Mkwajuni_Tanga aliandika:
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, goti la kulia limeisha kabisa, matege yamezidi mpaka kupanda daladala ni kazi. Mwaka 2009 aligongwa na gari akavunjika paja la mguu huohuo, akawekewa chuma cha kuunga mfupa, aina ya SIGN, ndani ya mfupa. Hakijatolewa mpaka leo.

Tumetuma eksirei hospitali moja Chennai. Wamekubali kumbadilisha goti, ila wanasema ni lazima "kwa kompyuta", na bei imepanda. Nikiuliza kwa nini, jibu ni "mguu unyooke vizuri". Sasa kunyoosha si ndiyo kazi ya daktari? Hela ni mchango wa ukoo na wajomba wameshaanza maneno. Mwenye uelewa anisaidie.

Fundi_Saa alijibu:
Mkuu hapo unapigwa. Mama mkwe alifanyiwa Nairobi kwa njia ya kawaida, leo anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake. Halafu kuna utafiti wa Mayo Clinic wa 2010: magoti 398, yakafuatiliwa miaka 15. Yaliyokaa ndani ya digrii 3 za mstari ulionyooka na yaliyotoka nje yalidumu sawa tu. Kompyuta ya nini?

BintiKiwengwa alijibu:
Kaka Mkwajuni, pole na mpe pole mama. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, nipo Muscat, na magoti ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Utafiti aliotaja Fundi_Saa ni wa kweli, ila kajibu swali jingine. Kwa mama yako mzozo wote uko kwenye hicho chuma.

Kwa njia ya kawaida, daktari anatoboa tundu kwenye ncha ya paja pale gotini, anaingiza fimbo ndefu ndani ya uwazi wa mfupa. Hiyo fimbo ndiyo timazi yake. Kutokana nayo anakata mfupa kwa digrii 5 mpaka 7, maana mfupa wa paja haushuki wima. Mstari anaoutafuta unaanzia katikati ya kichwa cha nyonga, unapita katikati ya goti, unaishia katikati ya kifundo cha mguu. Sasa kwa mama fimbo itapita wapi? SIGN ni chuma kizima, hakina uwazi ndani, na kimekaa palepale fimbo inapotaka kupita. Kukitoa baada ya miaka yote hiyo ni upasuaji mwingine kabisa. Na hata kikitoka, paja lililowahi kuvunjika huenda liliunga likiwa limepinda kidogo. Fimbo itafuata upinde na kipimo kitadanganya.

Kompyuta haiingii ndani ya mfupa. Daktari anafunga pini kwenye paja na kwenye muundi, juu yake kuna vigololi vinavyorudisha mwanga wa infraredi, na kamera imesimama pembeni inavisoma. Kisha anaushika mguu anauzungusha polepole kuanzia nyongani. Kompyuta inatafuta nukta isiyosogea, na hapo ndipo katikati ya nyonga. Halafu anagusa kwa kijiti chenye vigololi vyake pande mbili za kifundo, na sehemu kadhaa za goti. Digrii zinasomeka kwenye skrini kabla msumeno haujawashwa, na tukishakata tunaweka kibao bapa juu ya mfupa tukague tena. Tone la damu likirukia kigololi, namba zinapotea, sote tunasimama mpaka nikifute. Mwanafunzi akikatiza mbele ya kamera, weye usiulize anavyofukuzwa.

Si kitu kipya. Goti la kwanza la namna hii lilifanywa Grenoble, Ufaransa, Januari 1997. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2007 zilikuta miguu iliyotoka nje ya digrii 3 ni 9% kwa kompyuta, na karibu 32% kwa njia ya kawaida. Kudumu kwa goti ni habari nyingine, hapo Fundi_Saa ana hoja. Kumbukumbu za magoti bandia za Australia zilizotolewa 2015 zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 65, baada ya miaka 9, waliorudiwa upasuaji ni 6.3% kwa kompyuta na 7.8% bila kompyuta. Mtu mwenye paja zima nisingemwambia auze kiwanja kwa tofauti hiyo. Mama yako hana paja zima.

Ila msiiabudu. Kompyuta haikati. Kano zikae sawa, hiyo ni kazi ya daktari. Na pini ikilegea katikati ya kazi, skrini itaendelea kuonyesha namba nzuri za uongo.

Waulize Chennai chuma kiliingizwa kutokea wapi. Kama ni gotini, ncha yake iko pale goti bandia linapokaa, huenda kikalazimika kutoka, na bili hiyo ndiyo ya kuijadili. Kama ni nyongani, waulize skrubu za chini ziko umbali gani na goti, na pini za paja watazifunga wapi ilhali mfupa una chuma. Daktari anayeifanya kazi hii atakujibu hapohapo. Waulize pia kuhusu vibao vya kukatia vinavyochongwa kwa vipimo vya CT-scan ya mgonjwa mwenyewe. Navyo havihitaji fimbo, linganisha bei.

Fundi_Saa alijibu:
Hilo la chuma nililiruka. Dada yuko sahihi.

Mkwajuni_Tanga aliandika:
Ahsante sana dada. Nimetazama karatasi za zamani, kiliingizwa kutokea nyongani. Jambo moja: mama anasema matege anayo tangu usichana, hata mguu wa pili usioumwa unayo. Watamnyoosha mpaka digrii sifuri?

BintiKiwengwa alijibu:
Swali zuri, na madaktari wenyewe hawajakubaliana. Utafiti wa Ubelgiji wa 2012 uliwapima vijana wazima wasioumwa magoti, ukakuta wanaume 32% na wanawake 17% wana matege ya asili ya digrii 3 au zaidi. Ndiyo maana wapo madaktari wanaobakisha kidogo, kano zisije zikavutwa kwa umbo ambalo mtu hakuwahi kuwa nalo. Wengine wanashika sifuri. Muulize daktari wake yeye ni wa upande gani. Akisema atabakisha digrii 2, basi na chombo cha kuzipima anakihitaji.

Eksirei mliyotuma ni ya goti tu? Kama ndiyo, mpigeni ndefu ya miguu yote miwili, amesimama, kuanzia nyonga mpaka vifundo, muitume kabla hamjalipa chochote.