Kutafuta maneno ndani ya jina la leso: LIKE, MATCH AGAINST kupitia Doctrine, au nihamie PostgreSQL?

fundi_kibokoni
Salaam wandani. Nina mteja auza leso kwa jumla pale Biashara Street. Kila leso ina jina, rangi, na bei ya pea. Wanunuzi hawakumbuki jina zima: mtu aandika "wema jirani", ataka leso zote zenye maneno hayo, halafu achuje kwa rangi na bei. Natumia Symfony (mfumo wa PHP), Doctrine (inayounganisha PHP na databesi) na databesi ya MySQL 8. Kwa sasa ni LIKE '%wema%' tu (yatafuta herufi hizo popote ndani ya jina), na matokeo yatoka shaghalabaghala.

Tabu ni kwamba DQL, lugha ya maswali ya Doctrine, haiijui MATCH … AGAINST, amri ya MySQL ya kutafuta maneno na kuyapa alama. Nishuke kwenye SQL tupu, nisajili funksheni yangu, au nihame databesi kabisa? Nyinyi mwafanyaje?

BintiLikoni
SQL tupu yafaa ripoti. Wewe una vichujio ambavyo mara vipo mara havipo, kwa hiyo utaishia kuunga vipande vya maandishi kwa if juu ya if, na upangaji wa kurasa uanze kukusumbua. Sajili funksheni. Ni klasi moja inayorithi FunctionNode, yenye parse na getSql, kisha waitaja kwenye doctrine.yaml chini ya numeric_functions. Baada ya hapo waandika:

`->andWhere('MATCH_AGAINST(l.jina, :neno) > 0')`

Usiitoe hiyo `> 0`. DQL haikubali funksheni isimame peke yake kama sharti, lazima ilinganishwe na kitu. Kama hutaki kuandika parse mwenyewe, kifurushi cha DoctrineExtensions kina MatchAgainst tayari.

Angalia na faharasa. Ukiiweka FULLTEXT (faharasa ya maneno ambayo MATCH huitumia) kwenye (jina, maelezo) kisha ukaita MATCH(jina) pekee, InnoDB, injini ya hifadhi ya MySQL, itakurudishia kosa 1191. Safu lazima ziwe zilezile. Na ukiwasha BOOLEAN MODE (utafutaji unaozisoma + na * kama amri), safisha alama kwanza: mtu akiandika "jirani+", hiyo jumlisha ya mwisho yatosha kuangusha kweri nzima, yaani swali unalolipeleka kwa databesi.

laravel_wa_tudor
Huku kwetu Laravel ni whereFullText('jina', $neno), basi. 😄 Ila chini yake ni MATCH AGAINST ileile.

nyali_py
Mwajadili namna ya kuandika sharti, lakini hamjauliza kama litapata kitu. Leso imeandikwa "marafiki", mnunuzi atafuta "rafiki". FULLTEXT ya MySQL haitaiona, kwa sababu yalinganisha neno zima. Kinyota nacho hukaa mwisho tu, yaani rafiki*, na Kiswahili chabadilika mwanzoni.

PostgreSQL nayo, usidhani SearchVector ya Django (mfumo wa Python) itakuokoa yenyewe. Haina kamusi ya Kiswahili. Ukiiachia 'english' itakukatia mikia ya maneno bila sababu, kwa hiyo weka config='simple'. Kinachosaidia ni pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayokata neno vipande vya herufi tatutatu. "rafiki" na "marafiki" yashirikiana vipande 5 kati ya 11 (nafasi tupu za mwanzo na mwisho wa neno zahesabiwa), yaani kama 0.45, na kizingiti cha kawaida ni 0.3. Kwa jina refu tumia TrigramWordSimilarity, maana ulinganisho wa kawaida hushuka kila maneno yakiongezeka.

fundi_kibokoni
Kwa hiyo LIKE yangu ya kizamani yaipata "marafiki", na MATCH haiipati?

nyali_py
Naam. Ina leso ngapi hiyo databesi?

fundi_kibokoni
Haifiki elfu tatu.

mwembe_tayari
Mimi ningeweka Elasticsearch, seva maalumu ya kutafuta. Ukikua hutahangaika.

BintiLikoni
Seva ya pili ya kulisha na kulinda, kila leso ikibadilika bei uisawazishe kote kuwili, kwa rekodi zisizofika elfu tatu? Mteja wa jumla halipii hayo, kaka.

Fundi, bakia MySQL. Chuja kwa LIKE, neno mojamoja, ukiunga kwa AND. MATCH iachie kazi ya kupanga tu:

`->addSelect('MATCH_AGAINST(l.jina, :neno) AS HIDDEN alama')`
`->orderBy('alama', 'DESC')`

HIDDEN yafanya alama isichanganyike na vitu unavyorudishiwa, kwa hiyo wapata orodha ya Leso kama kawaida. LIKE ya kuanza na % haitumii faharasa, ndiyo, lakini kwa jedwali la ukubwa huo hutahisi. Siku ikifika laki kadhaa, mfuate nyali_py.

nyali_py
Nakubali, ingawa roho yaniuma. "rafkii" ya kidole kilichoteleza ndiyo hutaipata.

fundi_kibokoni
Nimeijaribu. "rafiki" yaleta zote mbili, yenye neno kamili juu. Makosa ya herufi nitayaacha kwanza, mteja hajayalalamikia. Lakini mtu akiandika "50%" kwenye kisanduku?

BintiLikoni
addcslashes($neno, '%_') kabla ya kuifunga parameta, ili LIKE isizisome % na _ kama "herufi yoyote". La sivyo % peke yake itamletea duka zima.