Mzee kakutwa na kansa ya kibofu, majibu yanasema HER2 3+, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 67, alianza kukojoa damu akawa anaficha, haumwi popote so akasema ni joto la mwili, mpaka mama alipoona mwenyewe chooni. Tukazunguka madispensari tukapewa dawa za UTI mara 3. Juzi kaingizwa kamera, wakakata kinyama, majibu ni kansa ya kibofu cha mkojo halafu chini wameandika HER2 3+. Dokta alikuwa na foleni akasema tu jeni imezidi, turudi wiki ijayo. Mama mdogo kasikia "jini", saa hii anatafuta shehe. Hii HER2 si ndo ya kansa ya matiti? Na sisi watoto watano tukapime?

Mzee wa Kaunta: Pole sana mkuu. Jeni sio jini ila tabia zinakaribiana 😂

Hadubini: Niko maabara. HER2 kila mtu anayo, iko kromosomu ya 17. Inatengeneza protini inayokaa juu ya seli kama antena, ikipata ujumbe seli inagawanyika, basi. Sasa kwenye baadhi ya uvimbe nakala za hiyo jeni zinaongezeka, antena zinajaa mpaka zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwaka bila ujumbe wowote, seli zinazaliana usiku na mchana. 3+ ni ukali wa rangi tunaouona tukipaka kinyama dawa ya kuonyesha hizo antena, inaanzia 0 na 3+ ndo mwisho, yenye utata ni 2+. Matiti ndo imezoeleka ila kibofu na tumbo pia ipo. Hayo yametokea ndani ya uvimbe, mzee hakuzaliwa nayo, kwa hiyo nyie watoto msiende kuteketeza hela.

Tiba Asili 1: Mlonge na kitunguu swaumu, siku 21, njoo inbox

Mama Wawili: We wa inbox tuache. Mtoa mada, tulimuuguza kaka yangu na hii kitu. Kabla ya HER2 uliza kama imeingia kwenye msuli wa kibofu. Kama bado, wanakwangua halafu wanaweka BCG ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo, mara moja kwa wiki, wiki 6, ndo ileile wanayochanjwa watoto ya TB. Ikiingia ni habari ya kemo na kutoa kibofu. Dawa inayolenga HER2 ipo, trastuzumab deruxtecan, Marekani waliiruhusu Aprili 2024 kwa uvimbe wowote wenye 3+, ila ni kwa ambao imeshasambaa na tiba nyingine zimegoma. Bei sasa, we acha tu. Na kama anavuta sigara aache leo.

Mtoa mada: Anavuta tangu ujana. Karatasi inasema msuli haukuonekana kwenye sampuli, si ndo nafuu hiyo?

Hadubini: Hapana mkuu, maana yake kinyama hakikufika kwenye msuli, kwa hiyo haijulikani. Wiki ijayo muulize dokta kuhusu kukwangua mara ya pili, na hiyo karatasi nenda nayo.