MREJESHO: Ramani za kibali na kontrakta wa bei moja

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama ramani zilezile za kibali cha ujenzi, skeli 1:100, zinatosha kumkabidhi kontrakta nyumba ya vyumba vitatu Kibaha kwa bei moja, vifaa na ufundi. Mkasema inategemea mkataba, fundi wa kulipwa ufundi tu mnaelewana saiti huku vifaa unanunua mwenyewe, ila kwenye bei moja kila kisichochorwa kinageuka "nyongeza".

Nikarudi kwa msanifu, akaongeza jedwali la milango na madirisha na michoro ya 1:20 ya choo na kenchi, injinia akatoa jedwali la nondo (saizi na idadi), QS (mkadiriaji majenzi) akaandaa BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote na vipimo vyake. Bei za makontrakta sasa zikalinganishika, mwanzo mmoja alikuwa karibu mara mbili ya mwenzie!

Nilipofeli ni umeme, nikaona fundi atajua tu. Jikoni zikawekwa soketi mbili, zote nyuma ya friji, tukachimba ukuta ulioshapigwa plasta na hela ikanitoka.

Asanteni sana, hasa aliyesema niambatanishe michoro kwenye mkataba kabla ya kusaini. Kontrakta alileta bati geji 30, nyembamba zaidi, wakati mchoro unasema 28, akazirudisha mwenyewe.