Mwenye klabu akitaka kubadili jina, shirikisho linamzuiaje?

Benchi la Nyuma: Wakuu, naomba kueleweshwa. Jana nimebishana na shemeji mpaka tukanuniana. Mimi nasema mtu akishatoa hela yake, akalipa madeni ya klabu na mishahara ya wachezaji, akitaka kuiita hata Kunguru Watatu ni shauri yake. Shemeji anasema lazima wakubwa wa soka waridhie. Wao wanaingiaje hapo? Hawajanunua hata mpira mmoja.

Mzee wa Kanuni: Shemeji yako kashinda, mkuu. Chukua Hull City, klabu ya England ya tangu 1904. Assem Allam aliinunua 2010 ikiwa taabani kwa madeni, akamwaga mamilioni, kisha 2013 akataka iitwe Hull Tigers. "City" aliliona la kawaida mno, halina mvuto sokoni. Kwenye usajili wa kampuni alifanikiwa, ikawa Hull City Tigers. Ila jina la kampuni na jina la kuchezea ni vitu viwili. Hilo la pili, linaloandikwa kwenye ratiba na msimamo wa ligi, linaombewa ruhusa kwa FA, chama cha soka cha England. Aprili 2014 baraza lao likapiga kura: 47 wakamkatalia, 27 wakawa upande wake.

Benchi la Nyuma: Akakubali yaishe?

Mzee wa Kanuni: Wapi! Alikwenda kwenye usuluhishi, na Machi 2015 jopo likasema uamuzi ule hauwezi kusimama kwa jinsi ulivyofikiwa. Wengi hudhani hapo alishinda. Hakupewa jina, alipewa nafasi ya kusikilizwa upya tu. Julai mwaka huohuo FA wakamkatalia tena.

Mshika Kibendera: Mimi kinachoniudhi ni kwamba jina linalindwa, rangi je? Cardiff City 2012 mmiliki aliivua timu jezi ya buluu akaivika nyekundu, na ikapita. Ilibidi mashabiki wapige kelele mpaka buluu ikarudi Januari 2015. Nikiwa nimekaa juu kabisa jukwaani jina silioni popote. Naona jezi.

Mzee wa Kanuni: Hoja nzito hiyo, sina la kuitetea. Tena hata kwenye jina watu hupenya. Ujerumani ni mwiko klabu kubeba jina la mdhamini. (Bayer Leverkusen wameachwa kwa kuwa timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda chenyewe cha Bayer.) Red Bull, wale wa kinywaji cha kuongeza nguvu, walipotua Leipzig 2009 wakabuni neno RasenBallsport, yaani michezo ya mpira wa nyasini. Mjerumani mwenyewe hana neno hilo mdomoni, lakini kifupi chake ni RB, na nembo ina mafahali wawili wekundu. Kanuni haijavunjwa, na kinywaji kinatangazwa kila wiki.

Benchi la Nyuma: Nimemsomea shemeji hii ya RB, amecheka mpaka machozi. Sasa ni yeye anayesema Kunguru Watatu inawezekana, mradi nimtafutie maneno mengine yanayoanza na K na W.