Gato ya etaji mbili toka Goma mpaka Bukavu kwa boti: nichukue boksi gani?

Mama_Keshero
Jambo wote. Niko na komande ya gato (keki) ya sikukuu ya kuzaliwa, inaenda Bukavu kwa boti ya mbio. Etaji ya chini ina upana wa sm 25 na kimo sm 12. Ya juu upana sm 15, kimo sm 10, na juu yake maua ya krimu ya sm 4. Yote ni krimu ya siagi. Sokoni kuna boksi nyeupe zenye dirisha la plastiki, sm 30 kwa 30, kimo sm 15. Wengine wanatumia kartoni za kahawia. Nichukue zipi, na gato isafiri imepangwa tayari ama kila etaji peke yake?

Fundi_wa_Himbi
Kila etaji peke yake, mama. Boti ikipiga wimbi, uzito wa etaji ya juu unasukuma kando vijiti vinavyoishikilia, vinachimba gato ya chini, na ufa unatokea kwenye krimu.

Sasa piga hesabu ya kimo, maana wengi wanapima upana tu. Chini: gato 12, kibao inachokalia 1, jumla 13. Boksi ya 15 inatosha. Juu: 10 na maua 4, ongeza vibao viwili, unakaribia 15 kamili. Hapo kifuniko kitagusa maua. Hiyo tafutia boksi ya sm 20 kwa 20, kimo 20.

Kibao kijae boksi. Boksi ya 30 inataka kibao cha 30, kasoro milimita mbili tatu ili kiingie bila kukwama. Kibao kikiwa kidogo kinateleza, na gato inagonga ukuta hata kama boksi ni nzuri namna gani. Etaji ya juu ikae kwenye kibao chembamba cha sm 15, kisha kibao hicho kibandikwe kwa skochi (utepe wa gundi) ya pande mbili juu ya kibao cha 20. Bukavu unapitisha kisu cha bapa kati ya vibao viwili, unainua.

Kartoni_Birere
Naongeza juu ya boksi yenyewe. Ile nyeupe ya karatasi nyembamba ni ya kutoka nyumba moja mpaka ya jirani. Gato ya sm 25 na krimu inafika kilo tatu na zaidi. Ukiinua, sakafu ya boksi inabonyea katikati na krimu inapasuka kuanzia chini. Chukua kartoni yenye mawimbi ndani. Angalia ukingo wake: kwenye kuta, mistari ya mawimbi isimame wima. Ikilala, ukuta unajikunja kitu kikiwekwa juu. Chini pitisha skochi pana kwa msalaba, na beba kwa mikono miwili chini ya sakafu, kamwe si kwa kushika kifuniko.

Kartoni iliyobeba sabuni, samaki ama mafuta ya taa usiiguse. Siagi inavuta harufu, na haitoki tena. Ya biskuti ni sawa kama ni kavu.

Dirisha la plastiki ni zuri mezani. Safarini linaingiza jua, na krimu ya siagi inaanza kulegea kwenye digri 25 hivi.

Baridi_Kwanza
Mimi naona baridi ina kazi kubwa kuliko boksi. Weka etaji zote mbili kwenye frigo kwa muda wa saa tatu ama nne, krimu iwe ngumu, ndipo uzifunge. Kila boksi iingie katika kartoni kubwa zaidi yenye sponji ya godoro ya sm 5 chini na vipande pembeni. Chupa za maji ya barafu, zilizofungwa kitambaa, zikae kati ya boksi na kartoni ya nje, zisiingie ndani na gato: jasho la chupa linalowesha karatasi na sakafu inalegea.

Mkifika, msifungue mbio. Boksi ikae imefungwa kama saa moja kivulini, unyevu wa hewa ushikane na boksi badala ya krimu.

Ndani ya boti, sakafuni, chini ya paa, katikati kuelekea nyuma. Pua ya boti ndiyo inarukaruka zaidi. Ila mbali na joto la mashine.

Mama_Keshero
Aksanti sana. Kutoka kwangu mpaka bandarini, njia za kartie ni mawe ya volkano. Motari (wa pikipiki) anaweza? Na nitashushaje gato ndani ya boksi ya kimo 20 bila vidole kugusa krimu?

Fundi_wa_Himbi
Motari hapana kwa etaji. Labda keki ndogo zinazokaa kwenye boksi yenye mashimo yake. Chukua taxi, weka boksi sakafuni mbele ya kiti, maana kiti chenyewe kina mteremko na gato inaegemea nyuma.

Kuhusu kuingiza: usishushe kutoka juu. Kata pembe mbili za upande mmoja wa boksi kwa kisu, toka juu mpaka chini, upande huo ulale kama mlango. Bandika skochi ya pande mbili kwenye sakafu, lakini acha karatasi yake. Sukuma kibao taratibu mpaka nusu, vua karatasi ya skochi upande wa ndani, malizia kusukuma, bonyeza kingo za kibao. Inua mlango, funga pembe zote mbili kwa skochi. Aliye Bukavu akate hapo hapo, avute kibao. Andika kwenye mlango «FUNGUA HUKU», na juu «USIWEKE KITU».