Kipande House: libaki benki au liwe makumbusho?

Mleta mada: Kipande House, katika kona ya Kenyatta Avenue na Loita Street jijini Nairobi, ilijengwa mwaka 1913 na fundi wa Kihindi, Gurdit Singh, kwa mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, na kwa miongo mingi sasa imekuwa tawi la benki ya KCB. Naona wakati umefika benki hiyo ihame na jengo likabidhiwe Makumbusho ya Taifa.

Sababu imo katika jina lenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole na kubeba kipande, yaani karatasi iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele wanayofungwa mbuzi. Humo mwajiri aliandika mshahara wa mtu na siku aliyomwachilia, na asiyeachiliwa kwa sahihi akiondoka, alishtakiwa kwa utoro. Mwanaharakati Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 akiupinga utaratibu huo pamoja na kodi. Leo watu hupanga foleni palepale walipoandikishwa babu zao, kitambulisho mkononi, wakingoja kuitwa dirishani, wala hakuna anayeona ajabu.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, uchungu huo naukubali, ila uamuzi wako siukubali. Jengo hili lilitumika kama ghala kabla ya kufika vipande, na tukilitazama kwa jicho la aibu peke yake tutamdhulumu fundi aliyelichonga, ambaye naye aliishi chini ya serikali iliyobagua watu kwa rangi. Tena makumbusho yapo hatua chache tu kutoka hapo: Nairobi Gallery, kwenye kona ya Uhuru Highway, jengo la mwaka huohuo 1913. Mawe yanataka mtu wa kuyatunza na paa linataka mtu wa kuliziba, na benki inao uwezo huo. Kubwa zaidi, benki inaingiwa na mama mboga na mwendesha boda, ambao hawatalipa kiingilio cha makumbusho hata siku moja. Basi benki na ibaki, ila itenge ukuta mmoja wa kuieleza habari hiyo.

Mleta mada: Hoja ya mama mboga imenigusa, nami nalegeza kamba kidogo. Hofu yangu ni mwandishi wa huo ukuta, maana mwenye nyumba akiachiwa kalamu atasifu matao na ufundi wa mawe, halafu kipande akitaje kwa mstari mmoja. Maandishi yatungwe na wanahistoria, yawe kwa Kiswahili, yawekwe pale foleni inapoanzia, na kikopo cha chuma kining'inizwe hapo kwa kamba yake, usawa wa shingo ya mtu mzima.