Yah: Nyumba ya likizo Dodoma, baadaye ya kustaafia

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko mliko.

Nimesoma swali la mdogo wetu wa Birmingham anayetaka kununua nyumba Iyumbu au Njedengwa, pale Dodoma, wafikie hapo na watoto wakati wa likizo, kisha yeye na mumewe wakistaafu wahamie moja kwa moja. Wengi mmemjibu habari za bei. Mimi naomba tuanze na maji.

Dodoma ni kukavu. Mvua zinaanza Desemba, Aprili zimekwisha, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Tunaokuja baada ya Krismasi tunakuta mji umeshika ukijani, tunaupenda, tunalipa. Mdogo wangu, nenda Oktoba. Jua lile, vumbi, upepo na mgao wa maji ndiyo maisha utakayoishi ukiwa na miaka 70. Ukifika mtaani mwache dalali kando kidogo. Muulize mama wa nyumba ya pili maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanatoka siku zipi. Kama kuna kisima, onja, maana sehemu nyingine maji yake yana chumvi. Nyumba haina tangi kubwa wala mifereji ya kukinga maji ya bati? Hesabu gharama hizo kabla hamjapatana bei.

Sasa hati, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Viwanja vya Dodoma vilikuwa mikononi mwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, tangu miaka ya 1970 hadi ilipovunjwa 2017, kazi zake zikahamia halmashauri. Hati zake zilikuwa za miaka 33, ndipo ikaagizwa zibadilishwe ziwe za miaka 99. Kwa hiyo ukionyeshwa hati ya zamani, piga hesabu: ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inaisha 2028, hujaaga hata kazini. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, usiridhike na picha ya WhatsApp. Muuzaji akiwa na mwenza, ridhaa ya mwenza huyo iwe ya maandishi. Kesi za kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili ni za miaka mingi pale, na aliye mbali ndiye anayechelewa kujua.

Hukusema kama bado una uraia wa Tanzania. Ni jambo kubwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Yapo marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania. Mwanasheria akueleze yanakuhusu vipi kabla hujatoa shilingi. Tafadhali usiandikishe nyumba kwa jina la kaka, hata awe mwema namna gani. Mungu akimchukua, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na wajane na watoto wake watakuwa na haki ya kuidai.

Kati ya hizo sehemu mbili, mimi ningechagua Iyumbu, kwa sababu ya Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo upande wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Pale wanapandikiza figo na kutibu moyo, na uzeeni hilo linazidi mandhari yoyote. Ghorofa achana nayo. Magoti hayatakuuliza ulilipia shilingi ngapi. Wajukuu wakishuka Dar, tangu 2024 treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, inawafikisha Dodoma siku hiyo hiyo.

Nyumba ikikaa tupu miaka kumi, mchwa na vumbi vitaimaliza. Mpangishe mtumishi anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na chumba kimoja chenye mlango wake wa nje kibaki chenu. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU mnaponunua umeme, ila kodi ya pango la ardhi ni ya kulipa wenyewe kila mwaka, msiisahau.

Mnaopangisha nyumba mkiwa mbali, hapa mnisaidie kumjibu: nani anapokea kodi ya mpangaji, na mmemwekaje kwenye maandishi?